Maisha ya Daktari Harvey Cushing

Mara nyingi katika kurasa za gazeti letu tumesimuliwa maisha ya majemadari, wafalme na mabaharia. Leo mimi nimechagua kuwaandikia habari za daktari mmoja Mmarekani, Harvey Cushing, ambaye jina lake latajwa kila mara katika vitabu vya udaktari. Wengi humsifu kwa sababu ya kupasua ubongo. Mimi naona kazi yake iliyowafaa watu wengi zaidi ni ile ndogo aliyoianza kabla hajawa daktari, yaani kuandika kwenye karatasi hali ya mtu aliyelazwa usingizi wa dawa ili apasuliwe. Hiyo ndiyo nitakayoikalia sana. Mengine nitayapita upesi.

Cushing alizaliwa tarehe 8 Aprili, 1869, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Alikuwa mtoto wa kumi na wa mwisho. Baba yake alikuwa daktari, na babu yake, na baba wa babu yake pia, hata mtu aweza kusema kwamba kijana huyu alirithi mkoba wa dawa kama wengine wanavyorithi shamba. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Yale, ambako alikuwa mchezaji hodari wa besiboli, akamaliza mwaka wa 1891. Kisha akaenda Boston kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Mji wa Boston ulikuwa na sifa yake. Huko, tarehe 16 Oktoba, 1846, katika hospitali kubwa iitwayo Massachusetts General, mtu mmoja jina lake William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, naye mgonjwa akapasuliwa uvimbe wa shingoni bila kupiga kelele. Kabla ya siku zile mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu, na mpasuaji mwema alikuwa yule aliye mwepesi wa kisu. Sisi usingizi huo twauita nusukaputi, neno ambalo watu wengi husema kwamba nusu yake ni Kiswahili na nusu ni Kijerumani, maana yake mtu aliyeharibika nusu. Ni neno la kutisha kidogo, lakini nadhani waliolitunga walikuwa wameona mambo kwa macho yao.

Maana ilipopita karibu miaka hamsini tangu siku ile ya Morton, kazi ya kumlaza mgonjwa ilikuwa bado yahesabiwa kuwa kazi ndogo. Mpasuaji alikuwa bwana mkubwa. Mwenye kushika kitambaa cha etha alikuwa mwanafunzi yeyote aliyeonekana karibu. Ndivyo Cushing alivyoitwa siku moja kutoka katika viti vya wanafunzi, akapelekwa katika chumba kidogo pamoja na mgonjwa na mtumishi wa hospitali, akaambiwa amlaze. Hakufundishwa lolote. Mgonjwa alikuwa mzee mwenye ngiri iliyobana utumbo, naye alikuwa ametapika usiku kucha. Cushing alifuata maneno ya yule mtumishi, na huku nyuma watu walikuwa wakiita kwa haraka kwamba mgonjwa aletwe. Mwishowe mzee akasinzia, akaingizwa ndani. Upasuaji ulipoanza tu, maji mengi yalimtoka mzee mdomoni, akayavuta mapafuni, akafa pale pale.

Cushing alisimama kando akiungua moyoni, akijiona kuwa ndiye aliyeua. Hapana mtu aliyemtazama. Baadaye aliambiwa kwamba jambo lile si kitu, hutokea, na afadhali asahau na kuendelea na masomo. Kwa maoni yangu jibu lile lilikuwa baya kuliko karipio, kwa kuwa mtu akikaripiwa walau hujua kwamba maisha ya yule mzee yalikuwa na thamani. Cushing aliendelea na masomo, lakini miaka mingi baadaye, alipokuwa daktari mwenye sifa, aliandika katika barua kwamba hakusahau kamwe.

Alikuwa na rafiki katika darasa lake, Ernest Amory Codman, naye akipewa kazi hiyo hiyo ya kulaza wagonjwa. Hawa vijana wawili walishindania chakula cha jioni: atakayewalaza wagonjwa wake vizuri zaidi ndiye atakayelishwa na mwenzake. Lakini utajuaje nani ameshinda? Kwa hiyo, katika mwaka wa 1894, walianza kuandika kwenye karatasi yenye mistari mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa, tangu alipoanza kuvuta etha mpaka alipoamka. Mchezo wa vijana ukageuka kuwa kitu kikubwa. Karatasi ilionyesha yale ambayo jicho hupitwa nayo, kwamba mapigo yanapanda kidogo kidogo au pumzi zinapungua, na mtu akaweza kuikomesha hatari kabla haijamkomesha mgonjwa.

Mjomba wangu ana kazi hiyo ya kuwalaza wagonjwa wanaopasuliwa, nami nilimwomba anionyeshe karatasi wanayoitumia. Ni kama karatasi ya grafu tunayochorea katika hesabu. Chini huandikwa saa, na kila dakika tano huwekwa nukta ya mapigo ya moyo na alama mbili ndogo, moja ikielekea juu na moja chini, za msukumo wa damu. Nukta ni ya wale vijana wawili wa Boston. Zile alama mbili zina safari ndefu zaidi, nami nitaieleza.

Cushing alipata udaktari mwaka wa 1895, na mwaka uliofuata akaenda Baltimore, katika hospitali ya Johns Hopkins, kuwa chini ya mpasuaji mkuu William Halsted. Huyu Halsted alikuwa mtu wa taratibu, apasuaye polepole bila kumwaga damu ovyo, na Cushing alijifunza hilo kwake. Halsted alikuwa na siri ya kusikitisha. Miaka ya nyuma alijaribu dawa ya kokeini katika mwili wake mwenyewe, ili ajue jinsi inavyokufisha ganzi mishipa ya fahamu, ikamteka. Akatibiwa kwa morfini, nayo ikamteka pia mpaka mwisho wa maisha yake. Daktari William Osler aliyaandika hayo katika kijitabu ambacho kilifichwa mpaka mwaka wa 1969. Nataja habari hii kwa sababu morfini, itokayo katika afyuni ambayo wazee wetu huiita kasumba, itarudi tena mbele katika hadithi hii.

Mwaka wa 1900 Cushing alikwenda Ulaya. Huko Bern, Uswisi, alifanya kazi kwa Theodor Kocher, mpasuaji ambaye baadaye, mwaka wa 1909, alipata Tuzo ya Nobel. Alipewa swali hili: ubongo ukibanwa ndani ya fuvu, damu hufanyaje? Fuvu ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo, na kimoja kikizidi lazima kingine kisongwe. Cushing alitoboa mafuvu ya wanyama, akaweka dirisha la kioo ili aone mishipa kwa macho, kisha akaongeza maji ndani taratibu. Msukumo wa maji ulipoupita msukumo wa damu, ubongo ulikuwa mweupe kwa kukosa damu. Kisha jambo la ajabu likatokea. Mwili wenyewe ulipandisha msukumo wa damu hata ukaushinda ule wa fuvuni, na ubongo ukarudia rangi yake. Akaongeza maji tena, damu nayo ikapanda tena, mpaka mwili uliposhindwa.

Mpaka leo dalili hizo zafundishwa kwa jina lake. Mtu aliyeumia kichwa, msukumo wake wa damu ukipanda huku mapigo ya moyo yakienda polepole na pumzi zikipotea mpango, basi ubongo wake unabanwa, naye anahitaji msaada upesi sana.

Katika safari hiyo hiyo, mwaka wa 1901, alifika Pavia, nchi ya Italia. Alikuta hospitalini chombo kilichotengenezwa na daktari wa huko, Scipione Riva-Rocci, ambaye alikuwa amekitangaza mwaka wa 1896. Kilikuwa mfuko wa mpira wa kuzungushia mkono, pampu ya kuujaza hewa, na bomba la zebaki la kupimia. Hewa ikijazwa, mapigo ya kifundo cha mkono hupotea. Ikitolewa kidogo kidogo, mapigo hurudi, na hapo husomwa urefu wa zebaki. Ni kitu rahisi kabisa, na nadhani ndiyo sababu kilimvutia. Alikichora, akapewa mfano wake, akaurudisha nao Baltimore, naye akaanza kuupima msukumo wa damu wa wagonjwa waliolala usingizi wa dawa na kuuandika katika karatasi ile ile ya mapigo.

Msomaji asidhani kwamba watu walimpokea kwa vigelegele. Cushing aliandika makala mwaka wa 1903 akisema chombo hicho kitumiwe kila siku katika chumba cha upasuaji. Madaktari wa Harvard waliunda kamati ya kukichunguza, na mwaka wa 1904 wakaona kwamba hakuna haja ya kukifanya kuwa desturi, na kwamba kidole cha mtu mwenye uzoefu chatosha. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea vidole vyao, na vidole hivyo vilikuwa vimewasaidia sana. Lakini kidole hakiandiki, wala hakiwezi kumwambia mwenzako tofauti ya 120 na 95. Mwaka wa 1905 daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, alionyesha namna ya kusikiliza kwa mipira ya masikioni chini ya mfuko ule, na tangu hapo kipimo kikapata namba mbili, ya juu na ya chini. Ndizo zile alama mbili katika karatasi ya mjomba.

Huenda mwenzangu mmoja atauliza, faida yake nini leo, na sasa kuna mashine zinazopima zenyewe? Nitajibu kwa mfano wa dawa ambazo Cushing hakuziona, kwa kuwa zilitengenezwa baada ya kufa kwake, ingawa fumbo lake ni lile lile alilolichungulia katika dirisha la kioo.

Siku za Cushing dawa kuu ya maumivu ilikuwa morfini, ambayo kazi yake hudumu saa kadhaa. Kwa mtu aliyepasuliwa ubongo hiyo ni taabu, kwa sababu daktari ataka mgonjwa aamke upesi, ainue mkono, ajibu jina lake, ili ijulikane kama damu inavuja ndani. Mwaka wa 1960 hivi, huko Beerse, Ubelgiji, Daktari Paul Janssen na wenzake walipata dawa ya jamii ya morfini yenye nguvu kama mara mia moja, nayo kazi yake hupita upesi, ni fentanili. Baadaye zikaja sufentanili, yenye nguvu kuliko hiyo, na alfentanili, ambayo huisha mapema zaidi. Katika miaka ya 1990 ikatokea remifentanili, ambayo huvunjwa na vimeng'enya vilivyo katika damu na nyama za mwili, hata dakika chache baada ya kuikata nguvu yake imekwisha. Dawa hizi hupimwa kwa sehemu za milioni za gramu.

Dawa hizo hushika mahali maalumu katika ubongo na uti wa mgongo, zikazuia habari ya maumivu isipite. Lakini mahali pa namna hiyo pamo pia katika shina la ubongo, panapotawaliwa pumzi na mapigo. Basi pamoja na maumivu, pumzi nazo hupungua. Mtu akipumua kidogo, hewa chafu ya kabonidayoksaidi hujaa katika damu, nayo hupanua mishipa ya ubongo. Kwa hiyo mwenye kumlaza mgonjwa lazima amsaidie kupumua. Moyo nao huenda polepole, mishipa ya mwili hulegea, na msukumo wa damu hushuka, hasa kama dawa imesukumwa kwa haraka au mgonjwa amepoteza damu.

Hapo wanafunzi wa hesabu wanaweza kunifuata. Tuseme msukumo wa wastani wa damu ya mtu mzima ni milimita 90 za zebaki, na ndani ya fuvu ni 10. Nguvu inayoingiza damu ubongoni ni tofauti yake, yaani 80. Sasa tumchukue mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori, damu imevuja fuvuni na msukumo wa ndani umefika 25. Akipewa dawa na msukumo wa damu ukashuka hata 60, kilichobaki ni 35 tu. Zaidi ya hayo, mishipa ya ubongo ina desturi ya kujipanua damu inapokosa nguvu, ili ubongo usilale njaa. Katika kichwa kizima hilo ni jema. Katika fuvu lililokwisha kujaa, mishipa iliyopanuka huchukua nafasi zaidi, na msukumo wa ndani huzidi kupanda.

Madaktari fulani walipoona msukumo wa fuvuni ukipanda baada ya kumpa mgonjwa sufentanili, walianza kuishuku dawa yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1995, wa wagonjwa walioumia vichwa, uliwatenga waliobaki na msukumo wao wa damu na wale ambao msukumo wao ulishuka. Katika kundi la kwanza fuvuni hapakubadilika kitu. Katika kundi la pili ndipo msukumo ulipopanda kwa muda. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa kichwa aweza kupewa dawa ya maumivu, lakini polepole, akisaidiwa kupumua, na mtu ameketi kando yake akiangalia ile namba ambayo kamati ya 1904 iliona si ya lazima. Ikianza kushuka, kuna dawa za kuipandisha. Mjomba aliniambia kwamba katika kazi yake hiyo ndiyo namba anayoitazama kwanza kila anaposukuma sindano, na kwamba mashine ikigoma, yeye huchukua mfuko wa mkono na mipira ya masikioni.

Nirudi kwa Cushing mwenyewe. Mwaka wa 1902 alimwoa Katharine Crowell, wakapata watoto watano. Miaka kumi baadaye alihamia Boston kuwa mpasuaji mkuu wa hospitali mpya ya Peter Bent Brigham. Katika vita vya kwanza vya dunia alikwenda Ufaransa na Ubelgiji. Mwaka wa 1917 alipasua askari waliopigwa risasi na vipande vya mizinga kichwani, mara nyingi kwa ganzi ya mahali pamoja tu bila kuwalaza, na vipande vya chuma akivitoa kwa msumari uliounganishwa na sumaku. Mwanzoni walikufa zaidi ya 50 kwa mia. Katika miezi mitatu idadi ikashuka hata 29 kwa mia hivi.

Baada ya vita alizidi kusifiwa. Alitumia vibanio vidogo vya fedha kuzuia damu, na mwaka wa 1926, pamoja na mtaalamu William Bovie, akatumia umeme kukata na kuziba mishipa midogo. Mwaka huo huo alipata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu kikubwa alichoandika juu ya maisha ya William Osler. Na mwaka huo huo, mwezi wa Juni, mwanawe mkubwa William, mwanafunzi wa Yale, alikufa katika ajali ya motokaa. Cushing aliletewa habari hiyo asubuhi. Alimwarifu mkewe, kisha akaingia katika chumba cha upasuaji akamaliza kazi ya siku ile. Wako wanaomsifu kwa hilo. Mimi nimelifikiri sana na bado sijui kama ningependa kuwa mwana wa mtu kama huyo, ingawa ningependa kuwa mgonjwa wake.

Kwa kweli hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye. Wasaidizi wake waliogopa ulimi wake, na kosa dogo katika chumba cha upasuaji lilileta maneno makali mbele ya watu wote. Nyumbani alionekana kwa nadra. Lakini wagonjwa walimkuta mpole, naye alichora kwa mkono wake picha za kila upasuaji, akahifadhi uvimbe alioutoa na, wagonjwa walipokufa, bongo zao pia, ili ajue ni wapi aliposhinda na wapi aliposhindwa. Tarehe 15 Aprili, 1931, alipasua uvimbe wa ubongo wa 2,000. Mwaka uliofuata aliandika juu ya ugonjwa uletwao na uvimbe katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nao waitwa kwa jina lake. Tuzo ya Nobel hakuipata, ijapokuwa alipendekezwa mara nyingi.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na mishipa ya miguu yake iliharibika hata kutembea kukawa shida. Mwaka wa 1933 alirudi Yale kufundisha, akawapa chuo vitabu vyake vya kale vya udaktari. Zile chupa zake za bongo ziliwekwa huko pia. Kwa miaka mingi zilisahauliwa katika vyumba vya chini, mpaka mwaka wa 2010 zilipofunguliwa kwa watu kuzitazama.

Harvey Cushing alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 Oktoba, 1939, katika mji wa New Haven, mwenye umri wa miaka 70. Madaktari waliopasua mwili wake walikuta katikati ya ubongo uvimbe mdogo wa maji mazito, upana wake kama sentimeta moja, ambao haukupata kumsumbua. Alizikwa Cleveland, alikozaliwa.